Neno Nililosema Ni Langu

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimekaa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, mimi mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mzima mwenye mvi, na hakuna aliyenishikia panga. Wajumbe walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba profesa mstaafu aache kufundisha watoto wetu kwenye ghala la zamani la ushirika. Kilichobaki kilikuwa ni nani akamwambie. Wakanitazama mimi. Mjumbe mmoja, mama anayeuza vitunguu pale barabarani, akasema jambo ambalo wote tuliliona ni la busara.

"Aende mwenyekiti. Yeye ni mtani wake, na mtani hakasirikiwi."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba ingekuwa vizuri nisiitaje kamati wala ofisi yake, ili pasizuke maneno kati ya shule na mtu mkubwa kama yule. Nilichukue jambo hilo kama langu. Nikasema sawa.

Msomaji asiyetoka huku kwetu huenda asione ubaya uko wapi, kwa hiyo nieleze. Mimi ni Mnyamwezi. Baba yangu alivuka mbuga ya Wembere na ng'ombe wake nikiwa bado nabebwa mgongoni, akajenga upande huu, chini ya mlima Sekenke, kati ya Wanyiramba. Watu wetu na Wanyiramba ni watani. Maana yake naweza kuingia jikoni kwa Mnyiramba, nikafunua chungu na kulalamika kwamba mlenda wao hauvutiki. Naye anaweza kusimama mbele ya wageni wangu akawaambia kwamba babu yake alininunua kwa kikapu cha michembe, viazi vikavu. Msiba ukiwapata wao, sisi ndio tunaoshika majembe na kufanya vichekesho makaburini ili wenye msiba wapumue. Neno la mtani halipelekwi kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa mchungaji. Halina kesi.

Lakini lina sharti moja, ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Mtani hatumwi. Analosema linatoka tumboni mwake mwenyewe. Na mmoja akisema "tuache utani kidogo," basi kuanzia hapo mwenzake anatakiwa kujibu kweli. Nimeishi na sharti hilo maisha yangu yote, na nililivunja kwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo nilisoma naye darasa moja tangu la kwanza. Wakati ule shule yetu ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Aliyekamatwa akiongea kilugha alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, amvishe. Yeye alikivaa kuliko mtu yeyote. Si kwamba hakujua Kiswahili. Alikuwa akisahau, kwa sababu alipenda sana kusimulia, na hadithi ikimnogea ilirudi yenyewe kwenye Kinyiramba. Mimi nilikuwa mwangalifu. Mara nyingi mimi ndiye niliyemvisha, halafu njiani kurudi nyumbani nikamtania kwamba amekuwa ng'ombe mwenye kengele. Alicheka. Alikuwa mtoto wa kucheka.

Wote wawili tulifaulu kwenda sekondari. Nilimaliza kidato cha nne, baba akafariki, nikarudi kuangalia ng'ombe, na baadaye nikafungua mashine ya kusaga. Yeye aliendelea. Akawa mwalimu, kisha mwalimu wa walimu, kisha akaenda nchi za nje na kurudi, na mwisho tukasikia anaitwa profesa wa elimu. Kijijini watu walidhani profesa wa elimu ndiye mwenye elimu yote. Walimletea mbuzi wagonjwa.

Kila Desemba alikuja na familia yake. Hapo ndipo nilipomjua kama baba, na naweza kusema sijaona baba wa aina ile hapa kwetu. Wanaume wa huku hula na wanaume wenzao, watoto wanakula na mama yao jikoni. Yeye alikaa mkekani na mkewe na watoto wote, sinia moja katikati, na kabla hajagusa ugali alimuuliza kila mtoto swali moja: "Leo umeona nini?" Mtoto asiyejibu aliruhusiwa kula, lakini alirukwa kwenye mazungumzo, na hilo hawakulipenda. Basi walikuwa wakizunguka kijiji kutwa nzima wakitafuta cha kuona. Mmoja alisema ameona kuku amepanda juu ya mbwa. Mwingine alisema ameona dereva wa lori analia kwenye kona za Sekenke, na profesa akamuuliza alikuwa analia kwa sauti au machozi tu, kana kwamba jibu lile lilikuwa na uzito mkubwa.

Alimbeba kitinda mimba wake mabegani mpaka mashineni kwangu, unga ukimpaka mtoto nywele. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba profesa mzima ameajiriwa kuwa yaya. Akanijibu kwamba yeye angalau anabeba wa kwake, mimi nabeba magunia ya watu. Mkewe, mwenyeji wa Iringa ambaye utani wetu aliuzoea ingawa hakuzaliwa nao, alikuwa akitikisa kichwa na kuniita shemeji mkorofi.

Alipostaafu alirudi moja kwa moja. Wengi tulitegemea angejenga mjini Singida, au Dodoma aliko binti yake mkubwa. Akajenga kwenye kiwanja cha wazazi wake nyumba ya tofali za kuchoma yenye baraza pana, akafuga kuku, akalima alizeti kama sisi. Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Ilianzia mashineni kwangu. Mjukuu wangu wa kike, ambaye mama yake alimwacha kwangu, alikuwa amesimama na ndoo ya mahindi akingoja zamu. Ukutani nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: USIGUSE MKANDA. Profesa akamwomba amsomee. Mtoto yule alikuwa darasa la nne. Akakohoa, akatazama miguu yake, kisha akasoma kwa sauti ya kujiamini, "Karibuni wateja." Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Alimshukuru, akamuuliza jina la mbwa wake, wakaongea habari za mbwa mpaka unga ukawa tayari. Mtoto alipoondoka aliniambia taratibu, "Mtani, mjukuu wako anaweza kupoteza mkono humu ndani kwa kutojua kusoma."

Wiki iliyofuata aliomba ghala la zamani la ushirika, ambalo lilikuwa limebaki na popo tu. Mimi ndiye niliyemsaidia kulipata. Tulilifagia pamoja, tukitukanana.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Alikusanya maboksi madukani, ya sabuni na biskuti, akayakata vipande. Mtoto alikaa mbele yake, naye akamuuliza lile swali lake la mkekani, leo umeona nini. Mtoto alijibu kwa lugha yoyote iliyomjia, Kinyiramba, Kinyamwezi, au Kisukuma cha wale wafugaji wa mbugani. Wenzake walimsaidia kulileta neno kwenye Kiswahili, wakibishana, na yeye akawaacha wabishane. Walipokubaliana aliliandika kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito. Kisha mtoto alisoma. Hakuweza kushindwa kwa sababu maneno yalikuwa yake mwenyewe. Boksi lilikwenda naye nyumbani, na kesho yake alirudi na kingine cha kusema.

Mjukuu wangu alikuja jioni moja na boksi lake la kwanza. Lilisema: BABU ANA MASHINE. INAPIGA KELELE KULIKO YEYE. Alinisomea akipitisha kidole chini ya kila neno, na alipofika mwisho alinitazama kuona kama nitakasirika. Nililipigilia misumari ukutani, pembeni ya onyo la mkanda. Kwa hiyo nisidai kwamba sikujua. Nilijua yule mtu alikuwa anafanya kazi nzuri kuliko mtu mwingine yeyote kwenye kamati ile, kwa sababu nilikuwa nimeipigilia ukutani kwangu.

Basi kwa nini nilisema sawa?

Zilikuwepo sababu za shule, na hazikuwa za uongo. Watoto walianza kutoroka vipindi kwenda ghalani. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakaribia, na mwalimu mkuu, kijana mwenye darasa la watoto wengi kuliko madawati, alijiona kama amevuliwa nguo mbele ya kijiji. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanarudishwa kwenye kilugha wakati wamepelekwa shule ili wakiache. Mambo hayo yangezungumzika. Yangewekwa mezani, profesa akaitwa, akaulizwa.

Sababu yangu haikuzungumzika. Kabla hajarudi, mimi ndiye niliyekuwa msomi wa kijiji. Mtu akipewa karatasi ya hospitali alikuja mashineni nimsomee. Kijana akitaka kujaza fomu alikuja kwangu, akanunua soda, akaniita mzee. Profesa aliporudi, watu walianza kupita mbele ya mashine yangu wakielekea barazani kwake, wakinisalimia shikamoo kwa mwendo. Hakuwaita. Walikwenda wenyewe. Sikumchukia, na naapa hata leo kwamba nilimpenda. Lakini siku ile ofisini, walipokuwa wanamsema, kuna sehemu ndani yangu ilikaa vizuri kitini na kusikiliza kwa raha. Sehemu hiyo ndiyo iliyosema sawa.

Nilikwenda Jumamosi alasiri. Walikuwa wamechinja kuku. Nilipoingia tu mkewe akaniletea maji ya kunawa, akasema nina miguu ya bahati. Nikakaa, nikala. Nilikula paja zima la kuku wao kabla sijafungua mdomo kwa kile kilichonileta.

"Mtani," nikasema, "nimekuja kukufukuza kazi."

"Kazi ipi? Serikali imekwisha kunistaafisha. Mnyamwezi anafukuza nini tena?"

"Hiyo ya ghalani. Umezeeka, umewachanganya watoto mpaka hawajui wanaongea lugha gani. Kaa nyumbani ulee kuku. Kuku hawafanyi mtihani."

Akacheka mpaka akavua miwani. Alisema hata kuku wa Singida wanahitaji mwalimu, wamezidi kusifiwa. Mkewe naye alicheka, halafu nadhani aliuona uso wangu, akaacha. Profesa alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati. Hakuwahi kuifuta taratibu vile.

"Tuache utani kidogo," akasema. "Hili neno ni lako, au umetumwa?"

Mlango ule aliufungua yeye mwenyewe. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, nimetumwa, na mambo yote yangekwenda njia nyingine. Nilimkumbuka mwalimu mkuu na ombi lake. Niliikumbuka pia aibu ya kuonekana mtani aliyebeba mzigo wa watu.

"Ni langu," nikasema.

Alivaa miwani akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Unaona nawaharibu?"

"Naona upumzike, mtani."

"Basi nimekusikia," akasema. Kisha akamwambia mkewe aniongezee mchuzi.

Jumatatu ghala lilikuwa limefungwa. Hakwenda kuuliza shuleni, hakwenda kwa afisa elimu, hakuja kubishana nami. Kamati walinipongeza. Yule mama wa vitunguu alinipa fungu la bure na kusema si unaona, mtani hakasirikiwi. Watoto waliendelea kufika mlangoni kwa siku kadhaa, wakachungulia kwenye ufa, wakaondoka. Mchwa waliingia kwenye maboksi yaliyobaki.

Alibaki kuwa mtu wa familia yake. Desemba wajukuu walijaa, mkeka ukatandikwa, sinia ikaja, na wao pia waliulizwa wameona nini. Alinialika kama zamani. Alikuja mashineni kama zamani. Kilichobadilika ni kitu kidogo ambacho mtu asiye mtani asingekiona: hakunianza tena. Nilipomtupia neno alilirudisha, tena kwa adabu, kama mtu anayerudisha mpira wa mtoto. Lakini la kwanza halikutoka kwake tena. Mara moja nilimkuta amesimama peke yake mbele ya lile boksi la mjukuu wangu ukutani. Nilipokaribia alisema tu kwamba wino ule haufifii haraka, akachukua unga wake akaenda.

Nilijua. Nilijisemea kwamba nitamweleza. Nikangoja kamati ibadilike, ili nisionekane msaliti wa wajumbe wenzangu. Ilipobadilika nikangoja siku nzuri. Kila aliponijia nilikuwa na mteja, au alikuwa na mjukuu, na ukweli wa namna ile hauwezi kusemwa mashine ikinguruma. Naandika visingizio hivi kama vilivyokuwa. Siku ambazo mashine ilikuwa kimya zilikuwepo nyingi.

Kisha akaanza kuumwa. Shinikizo la damu, wakasema, baadaye figo. Alipelekwa Singida, halafu binti yake akamchukua Dodoma. Nilipanga kwenda mara tu nikimaliza kuvuna alizeti. Nilimtenga jogoo mmoja mwekundu wa kumpelekea, nikamfunga kamba mguuni ili asiuzwe. Alizeti ikavunwa. Nikasema acha kwanza niikamue.

Nilimpigia simu. Binti yake alipokea, akaniamkia shikamoo baba mkubwa, akampa baba yake.

"Mtani," nikasema, "bado unapumua? Huku tumekwisha kunoa majembe."

Alicheka kidogo, pumzi ikamkatika, nikamsikia akiivuta tena.

"Nikuulize kitu," akasema. "Wale watoto. Nilikuwa nawaharibu kweli?"

Hakusema tuache utani. Nilishika hapo, kama mtu anayeshika mzizi asitumbukie. Kwa kuwa hakusema, nikajiambia sikulazimika.

"Uliwaharibu sana," nikasema. "Sasa wanaandika mpaka kwenye maboksi yangu ya sabuni."

Alicheka, au alikohoa, simu haikunionyesha. Kisha akasema, "Haya, mtani. Nisalimie mashine." Binti akaichukua simu akaniambia baba amechoka. Sikuisikia tena sauti yake.

Waliuleta mwili wake kwa barabara, gari likashuka kona za Sekenke mchana, sisi tukalipokea chini ya mlima. Jogoo mwekundu alichinjwa msibani, akaliwa na wachimba kaburi wenzangu. Sikumgusa.

Siku ya mazishi, baada ya mchungaji kumaliza, watu wakanigeukia. Ilikuwa zamu yetu watani. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwenye misiba mingi, na nilikuwa nasifiwa kuiweza. Nikachukua kofia yake ya pama, fimbo yake, na miwani yake ambayo mkewe alinipa bila kunitazama. Nikatanguliza tumbo kama yeye. Nikatembea mwendo wake. Watu wakaanza kucheka, hata watoto wake wakacheka huku wakijifuta, na ndiyo kazi yenyewe, kuwapumzisha. Nikasimama mbele ya umati, nikainama kidogo kama alivyozoea, nikauliza kwa sauti yake, "Leo umeona nini?"

Wakacheka zaidi. Lakini kutoka upande waliokuwa wamekaa watoto, mtoto mmoja alijibu. Hakuwa anatania. Alikuwa mmoja wa wale wa mbugani, mdogo wa mwili, na nadhani aliisikia tu sauti na swali, akajibu kama alivyofundishwa kujibu.

"Nimeona baba hakwenda shamba," akasema.

Nilitakiwa kuendelea. Mtani hodari angelidaka neno lile akaligeuza kichekesho. Nilisimama na miwani ya mwenzangu usoni, kila kitu mbele yangu kikiwa na ukungu, na sikupata neno hata moja. Mnyamwezi mwenzangu alikuja akanivua kofia taratibu, akaendelea yeye. Watu walisema baadaye kwamba uchungu ulinizidi. Waliniheshimu kwa hilo.

Tanga lilipoondolewa, nilimfuata mjane wake barazani. Alikuwa anafunga mizigo, binti yake alimtaka Dodoma. Nikamwambia yote. Nikamwambia lile neno halikuwa langu, nilitumwa na kamati, na nilipoulizwa nikadanganya. Alinisikiliza akiwa ameshika shuka aliyokuwa anaikunja.

"Usiku ule aliniambia hivi," akasema. "Yule ananijua tangu utoto. Kama ni yeye ameona sifai, basi kuna kitu mimi sikioni." Akakunja shuka mara nyingine. "Ingekuwa kamati, shemeji, angechukua kiti chake mwenyewe akaenda kukaa ofisini kwao wabishane mpaka jua lizame. Alipenda ubishi wa namna ile. Miaka yake yote kazini alikuwa anabishana na watu kama hao, na mara nyingi walimwelewa."

Nikainama kuokota foronya iliyoanguka, nikaiweka juu ya mizigo.

"Mbona hukumwambia? Muda ulikuwepo."

Nilifungua mdomo, na kilichonijia kilikuwa utani, kwa sababu hicho ndicho kilichozoea kunijia nikiwa na mtu wa nyumba ile. Nikafunga mdomo. Yeye akaendelea na mizigo. Aliponiaga alisema, "Kwaheri mzee." Hakuniita shemeji tena, na hajaniita hivyo hadi leo.

Nyumba imefungwa. Desemba hawaji, wanakutana Dodoma. Mara moja moja mmoja wa wale watoto aliowabeba mabegani hupita barabarani na gari lake, akasimama mashineni, akashuka kuniamkia kwa adabu zote. Huwa hanitanii. Nafikiri mama yao amewaambia, na ana haki.

Mjukuu wangu amekuwa msichana mkubwa. Ghala lilipofungwa alirudi kukaa nyuma ya darasa, akamaliza la saba bila kufaulu, sasa ananisaidia mashineni. Magunia ya wateja anayatambua kwa rangi ya kitambaa kilichofungwa mdomoni. Boksi lake bado liko ukutani, na analisoma lote bila kukosea, akipitisha kidole. Onyo la mkanda lililo pembeni yake hawezi kulisoma. Nilimweleza tu kwa mdomo linasema nini. Nimejaribu kumfundisha mwenyewe. Namuuliza leo umeona nini, naye ananitazama akingoja mcheko, kwa sababu kwangu amezoea kwamba maswali ni ya utani.

Na mimi hakuna anayenitukana. Watani wengine wapo, wananitupia neno, narudisha. Hakuna aliyesoma nami darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kuvaa kile kibao nikimfunga kamba mimi, na bado akacheka njia nzima.

Watu huniambia nisijilaumu, eti mzee yule alikuwa mgonjwa na siku zake zilifika. Siku zake zilifika, kweli. Sijilaumu kwa kifo chake. Nasema kile ninachokijua. Kwa kusema sawa ofisini, na kwa kusema ni langu barazani kwake, niliwapotezea watoto wale mwalimu wao, nikampotezea mjukuu wangu kusoma, nikaipoteza nyumba nzima iliyokuwa ikiniita ndugu. Na rafiki yangu, aliyefundisha walimu maisha yake yote, alikufa akiamini kwamba hakujua kufundisha, kwa sababu aliambiwa hivyo na mtu ambaye hakuwahi kufikiri angemdanganya.